Chai ya Siafu

6 Machi

Siafu mwanangu,

Wamenirudisha tena. Nimekaa kwenye lile benchi la chumba cha macho tangu asubuhi, nimeshavalishwa gauni lao la kufungwa mgongoni, wamenichora na alama juu ya jicho la kulia wasije wakakosea jicho. Halafu akaja muuguzi na ule mkanda wa kubana mkono. Akabana, akatazama, akabana mkono wa pili, akaenda kumwita mwenzake. Hapo nikajua tayari. Mtu akiwa mzima hawaendi kuitana.

Presha iko juu. Daktari wa macho amesema hagusi mtoto wa jicho wa mtu mwenye presha ile, nirudi kwa daktari wa presha. Daktari wa presha naye ananitazama kama mtoto aliyedokoa nyama. "Mama, dawa unameza?" Nameza. "Kila siku?" Kila siku. "Kuna dawa nyingine unatumia, za dukani au za mitishamba?" Nikamwambia sina, na wala sijawahi kuwa mtu wa waganga. Akaongeza kidonge kingine. Sasa asubuhi nameza vitatu, nikitembea navisikia vinagongana tumboni kama vifungo kwenye kopo.

Nakuandikia, sikupigii, kwa sababu unaijua sheria aliyotuachia marehemu baba yako: simu ni ya salamu, ugomvi ni wa barua, maana kalamu haina haraka kama mdomo. Leo nina ugomvi. Si na wewe, ni na dunia nzima, ila dunia haina anwani ndiyo maana naandika kwako.

Jicho la kushoto limekwisha, linaona mwanga tu. Na la kulia sasa ni kama nachungulia kwenye kioo kilichopuliziwa pumzi. Herufi hizi kubwa kama vibao vya barabarani si madaha. Na makoti yamejaa mezani. Mafundi bado wananiletea kwa sababu mashine zao hazijui kulitoboa tundu la kifungo na kulizungushia uzi likakaa kama langu. Lakini juzi nimetia uzi mweusi kwenye koti la buluu, na aliyeligundua ni mwenye koti. Jicho hili likinipotea, yule Mama Vifungo wanayemjua amekwisha, nitabaki kikongwe wa kuongozwa msalani.

Miguu nayo imevimba, viatu haviingii. Hospitali nilikwenda na ndala.

Mama yako mzazi

*

14 Machi

Mama, shikamoo.

Naanza na shikamoo kwa sababu yanayofuata hayana adabu.

Dawa humezi. Usinizungushe. Mimi ndiye niliyefungua kopo la vifungo nikitafuta kifungo cha sare ya shule, nikakuta vidonge vyako vya kifua vimelala humo na vifungo vya makoti, na wewe ulikuwa umemwambia baba kwamba dozi umeimaliza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huo niliusikia kinywani mwako.

Mara mbili nimeomba likizo kuja kukuuguza jicho. Mara mbili nimekuja, nimefagia, nimepika, nimefua mapazia, nimerudi, na jicho liko vilevile. Msimamizi wetu wa kiwanda cha chai ananiuliza mbele ya watu, "Hivi mama yako ana macho mangapi?" Wenzangu wanacheka, na mimi nacheka, halafu narudi kwenye meza ya kuchanganya majani na vumbi limenijaa puani, nasimama mpaka kengele ya mwisho. Likizo iliyobaki mwaka huu ni moja. Ukiniita tena bure, nimekwisha.

Kwenye kifurushi hiki kuna chai yako ninayokuchanganyia mwenyewe: shayiri iliyokaangwa, mchaichai, na ule mzizi mtamu. Daktari alipokukataza sukari ulilia kama umefiwa, mimi nikahangaika mezani kwangu mpaka nikakupatia utamu usio sukari. Vikombe vitatu kwa siku, kama kawaida. Uliniambia kwenye simu kwamba ni tamu mpaka unalamba kijiko. Basi kama ni uchungu wa vidonge unaokushinda, viteremshie kwa chai hiyo hiyo.

Ila umeze, Mama. Nakuomba kwa hasira, lakini nakuomba.

Siafu

*

25 Machi

Siafu,

Barua yako amenisomea mama yako mdogo, jikoni, kwa sauti, dirisha likiwa wazi. Alipofika kwenye kopo la vifungo akajikohoza akaruka mstari. Nikamwambia rudi nyuma, soma kama ilivyoandikwa, nisikie mtoto wangu anavyoniita mwongo.

Vile vidonge vya kifua vilikuwa vikubwa kama mende. Na nilipona bila vyenyewe. Lakini hivi vya presha nameza, nameza, nameza. Kila asubuhi nameza, mama yako mdogo akinitumbulia macho kama askari wa zamu, halafu namfungulia mdomo aone chini ya ulimi. Mwanamke wa umri wangu anamfungulia mdogo wake mdomo! Hiyo haitoshi? Nilikuita Siafu kwa sababu ulikuwa ukining'ata ukinyonya. Nilidhani meno yale ya kwanza yaling'oka.

Unasema umefagia, umepika, umefua. Ahsante. Nitakuandikia hati ya shukrani nitakapoona karatasi.

Sasa sikia yangu. Fundi wa mtaa wa pili aliniletea koti la bwana harusi. Koti jeupe, kitambaa cha bei yake. Nikapima kwa vidole kama ninavyofanya siku hizi, nikakata. Nimekata upande usio wake. Koti la mwanamume nimelitoboa upande wa kike, matundu yote, mazuri ajabu, yamejipanga kama wanafunzi mstarini, upande usio wake. Fundi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alilikunja koti taratibu, akasema, "Pumzika kidogo, Mama Vifungo," na tangu siku hiyo hajaleta kitu. Nimekaa hapa na sindano zangu, mikono inawasha kwa kukosa kazi, na mwanangu ananiandikia habari za vumbi la puani.

Simu usinipigie. Sina salamu.

Mama yako

Nyongeza kutoka kwangu mama yako mdogo, ambaye ndiye msomaji na mpeleka posta wa vita hii: anameza. Nimeona. Ninyi wawili mtanitia presha na mimi.

*

4 Aprili

Mama, shikamoo.

Mama mdogo anaona unavyotia mdomoni. Je, anaona mpaka tumboni? Daktari aliyesomea miaka chungu nzima anakupa dawa, anaongeza, anaongeza tena, presha haishuki. Ama dawa zote za hospitali ni unga wa chaki, ama kuna mtu ana ujanja. Mimi najua nani kati ya hao nimeishi naye nyumba moja.

Pole kwa koti. Nililia, kama unataka kujua. Lakini sitaki kulia tena, nataka jicho lipasuliwe.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Chai yangu sikutumii tena. Nachukua mabaki ya meza kwa kumbembeleza msimamizi, nachekecha saa ya mapumziko wenzangu wakiwa wanakula, nakufungia kwenye mifuko ya karatasi kama mfalme. Basi. Siku nitakaposikia presha imeshuka ndipo nitakutumia. Mtoto mkaidi hunyimwa pipi, na wewe umejifanya mtoto.

Siafu

*

9 Mei

Siafu,

Imeshuka.

Soma tena kama hukuelewa. Imeshuka, na imeshuka vizuri. Muuguzi alibana mkanda mara moja tu, hakwenda kumwita mtu. Daktari alitabasamu, kumbe ana meno. Anasema hatimaye amepata dawa iliyonikubali. Mimi nasema hatimaye wamepata dawa isiyo chaki. Miguu imenywea, nimevaa vile viatu vyangu vya mikanda, na asubuhi mikono haina tena ule ulegevu uliokuwa unaniangushia mkasi.

Siku ya upasuaji ni tarehe 4 Juni. Wiki moja kabla watanipima tena, kisha nalala hapo, napasuliwa. Fundi wa mtaa wa pili nimemtumia salamu kwamba asimpe mtu mwingine makoti ya mwisho wa mwaka.

Chai yako iliisha zamani, wala sikuomba, na nimeshuka presha hivyo hivyo. Kwa hiyo ujue nani aliyekuwa mtoto.

Omba likizo. Njoo.

Mama yako mzazi

*

17 Mei

Mama yangu mpenzi, shikamoo sana!

Ahaa! Umeanza kumeza!

Usinune. Hata ukinuna, furaha yangu haipungui. Nilipoisoma barua yako pale ghalani niliruka mpaka nikamwaga ndoo ya mchaichai. Ona basi: umenyimwa pipi mwezi mmoja tu, umenyooka. Ningejua hili ningekunyima tangu mwaka jana. Baba angekuwepo angesema Siafu ameng'ata palipotakiwa kung'atwa.

Likizo nimepata. Msimamizi alivuta pumzi ndefu, akasema hii ndiyo ya mwisho, jicho lipasuke lisipasuke. Nitafika tarehe 3.

Na ahadi ni deni. Kifurushi hiki ni kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kukutumia. Mzizi mtamu nimeutia mara mbili, kwa sababu ulisema unaipenda ilivyo tamu na nataka ule raha kabla hawajakufunga kitambaa usoni. Vikombe vitatu ni haki yako, cha nne ni zawadi. Kunywa, Mama. Umeshinda.

Siafu wako

*

29 Mei

Siafu,

Usije.

Nimepimwa leo. Presha imepanda kuliko mara zote. Walibana mkono wa kulia, wakabana wa kushoto, wakaniambia nikae nipumzike, wakabana tena, hata mkubwa wao akaitwa. Tarehe 4 imefutwa. Miguu imerudi kuvimba kama mikate, na jana nilipanda ngazi tatu za mlangoni moyo ukadunda kama naibiwa. Daktari aliyekuwa anatabasamu amefunga mdomo. Ameniambia, mbele ya wagonjwa wengine, kwamba watu kama mimi wanachezea nafasi za wenzao. Nimemeza! Mbele ya Mungu nimemeza kila kimoja! Nilitoka pale nimeshika ukuta, siyo kwa kutoona, kwa hasira.

Nawe utasema nimevificha. Sema. Nimechoka kujitetea. Nikipofuka nitapofuka nikiwa mkweli.

Na kwa vile tunagombana, na kwenye ugomvi wetu hapajawahi kufichwa kitu, nikwambie na hili lililonikaa kooni muda mrefu. Chai yako siipendi. Haijawahi kunipendeza hata siku moja. Ina utamu wa kunata unaokaa kwenye ulimi mpaka kesho yake, kama mtu aliyechovya ufagio kwenye asali akanipa ninyonye. Naziba pua nikiinywa, muulize mama yako mdogo. Ule mwezi ulioninyima nilinywa maji yangu matupu, nikalala kama mtoto.

Sasa utauliza kwa nini nilikuambia ni tamu. Nilikuambia kwenye simu, na simu ni ya salamu, mtu hasemi mabaya kwenye simu. Na kwa nini nainywa vikombe vitatu, na hii ya juzi vinne, kama ulivyoamuru? Kwa sababu umeichekecha wewe saa ya chakula chako. Kwa sababu nyumba hii tangu uondoke ni mimi na mdogo wangu na redio. Nikishika kile kikombe ni kama umeketi hapo mbele yangu unanihimiza nimalize. Basi namaliza.

Nimesema. Simu nimeizima.

Mama yako

*

1 Juni

Mama mdogo, shikamoo.

Barua hii nimelipia ifike upesi, na ni yako kwanza. Nimepiga simu mpaka kidole kimeuma, imezimwa. Bila shaka iko kwenye kopo la vifungo, ndiko anakoitia akikasirika.

Kabla hujamsomea, fanya hivi. Chukua chai yangu yote iliyo ndani ya nyumba. Ya kabatini, ya kwenye birika, hata ile anayoiacha kwenye kikombe. Asinywe tena hata tone. Bakiza mfuko mmoja tu, umpeleke nao Mama kwa daktari wake wa presha, leo kama inawezekana, mkamwambie alikuwa anainywa kwa muda gani na kiasi gani. Vidonge asiache hata kimoja mpaka daktari mwenyewe aseme. Umeshafanya? Sasa msomee.

Mama, shikamoo.

Barua yako niliipata kazini. Niliisoma nimesimama kwenye meza, mkono mmoja uko ndani ya gunia la mzizi mtamu. Nilipofika pale unaposema hupendi chai yangu nilikasirika, nikaikunja. Halafu nikaikunjua, kwa sababu ya ule mwezi. Nilipokunyima, presha ilishuka. Nilipokutumia maradufu, ilipanda maradufu. Nikautazama mkono wangu.

Nilivuka barabara na aproni, nikaingia duka la dawa lililo mkabala na geti letu. Mfamasia nilimtajia vidonge vyako vyote. Aliitikia kwa kichwa, akasema ni dawa nzuri hizo. Nikamwambia mama yangu anateremshia kwa chai. "Chai gani?" Nikautoa mzizi mfukoni nikauweka kwenye kioo. Mama, yule dada aliushika, akaunusa. Aliuliza, "Vikombe vingapi?" Nikamwambia. Akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akakaa kwenye kiti chake.

Mzizi huu unaufanya mwili uzuie chumvi na maji usivitoe. Miguu inavimba. Presha inapanda. Unafukuza madini mengine kwenye damu mpaka mikono inalegea na moyo unapoteza mdundo. Mtu mzima asiye na presha akinywa kikombe mara moja moja huenda asione kitu. Mtu wa presha anayekunywa kila siku ni kama ana watu wawili ndani, mmoja anazima moto na mwingine anamwaga petroli. Kwenye maboksi yetu yale ya kupeleka madukani imeandikwa pembeni, herufi ndogo, mwenye presha amwone daktari kwanza. Nimezibandika karatasi zile kwa mikono yangu. Lakini yako nilikutilia kwenye mifuko ya kaki isiyo na maandishi, kwa sababu ilikuwa ya Mama, siyo ya duka.

Mwongo hukuwa wewe. Uliziba pua ukanywa, na mimi nikakuita mwongo.

Na nina hasira na wewe pia, acha niiseme. Kwa nini usiniambie tu kwamba ni mbaya? Neno moja! Ungesema kwenye simu, "Mwanangu, chai hii sitaki," ningenuna siku mbili, na jicho lako lingekuwa limepona mwaka jana. Ningewezaje kujua? Ungewezaje wewe kujua? Nimekasirika na sina wa kumkasirikia.

Toa simu kwenye kopo.

Siafu

*

23 Juni

Siafu mwanangu,

Simu sikuitoa mapema kwa sababu tulivyo ungelia na mimi ningelia, na salamu si hizo. Naandika.

Mama yako mdogo alimwaga chai yote kwenye ua kabla hata hajanisomea. Nilidhani amerukwa na akili. Tukaenda kwa daktari na ule mfuko mmoja. Aliufungua, akanusa, akachukua kipande cha mzizi akakitafuna kidogo, akakitema kwenye karatasi. Halafu akanijia juu. "Mama! Nilikuuliza kama unatumia kitu kingine!"

Siafu, nilisimama. Nikamwambia, "Baba, uliniuliza dawa. Mara zote uliniuliza dawa. Hii ni chai. Ungeniuliza chai ningekwambia chai." Nikamwambia mwaka mzima mmenipima mkono, damu na mkojo, mmeniuliza chumvi, mmeniuliza sukari, na mmeniita mchezea nafasi mbele za watu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza bibi huyu anateremshia vidonge kwa kitu gani. Aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Kweli, sikuuliza." Angalau kasema. Amenichukua damu, na ni kama alivyokwambia yule dada wa duka la dawa, madini yameshuka. Ile dozi aliyokuwa akiipandisha sasa anaiteremsha pole pole, asije akaniangusha. Kumbe vidonge vyote vile vilikuwa vinapigana na mzizi wako.

Lakini tarehe sina. Nimewekwa mwisho wa foleni, kwa sababu nafasi yangu imefutwa mara nne na kompyuta yao haijui habari za chai. Nililia pale dirisha la mapokezi. Yule binti wa dirishani akanipa tishu.

Wewe usijipige. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na jina la Siafu nilikupa mwenyewe, basi nimlaumu nani? Hukunipa sumu, ulinipa saa yako ya chakula. Na mimi sikukudanganya ili nikuumize. Tumeumizana kwa adabu. Baba yako alitupa sheria ya hasira, akasahau kutupa sheria ya mambo yasiyopendeza, yale madogo, ya kusema tu "sitaki" ukaendelea na kazi.

Mama yako mzazi

*

30 Julai

Mama, shikamoo.

Mama mdogo amenitumia salamu kwamba mmepata nafasi tarehe 12 Agosti, mtu mmoja amejitoa. Nimemshukuru Mungu, kisha nikaenda kwa msimamizi.

Amekataa. Ile likizo ya Juni ameihesabu, ingawa sikutoka, kwa sababu alikuwa ameshapanga mtu wa kushika meza yangu. Nilimweleza yote, mzizi na presha na macho. Akasema, "Pole sana, lakini jicho ni lako, zamu ni yangu." Nilitaka kumvisha gunia kichwani. Nimekuja mara mbili bure, nimefagia nyumba isiyo na vumbi, na siku yenyewe hasa sipo. Siwezi kukwambia nilivyokasirika. Nimevunja kikombe, cha kwangu.

Atakushika mkono Mama mdogo. Mwambie akushike wa kushoto, wa kulia wanabana mkanda.

Sijakutumia kitu. Naona ajabu kufunga barua bila kifurushi. Mara kwa mara mkono unakwenda wenyewe kwenye mifuko ya kaki.

Siafu

*

2 Septemba

Siafu mwanangu,

Tazama herufi zangu. Zimerudi kuwa ndogo. Barua hii naandika peke yangu, mama yako mdogo yuko nje ananuna kwa kukosa kazi ya usomaji.

Muuguzi alibana mkanda mara moja. Hakwenda kumwita mtu. Walipoutoa ule mfuniko wa jicho kesho yake nikarudi nyumbani, kitu cha kwanza nilichokiona ni vumbi. Vumbi kila mahali, juu ya kabati, kwenye redio, na mimi mwaka mzima nakusimanga kwa kufagia. Cha pili nikaona mikono yangu, nikauliza hii ya nani.

Cha tatu sikukifurahia. Nilikwenda kwa fundi wa mtaa wa pili kuona kazi zangu za miezi ile, yale makoti ambayo hajayauza. Mwanangu, nimeona aibu. Matundu yamekwenda upande, uzi umelegea, jingine halina hata kifungo kinachoweza kulipita. Na yule bwana alikuwa akiniambia, "Ahsante, Mama Vifungo, kazi nzuri." Mwaka mzima alikuwa anaziba pua anakunywa. Nikamwambia toka leo, kazi yangu ikiwa mbaya uniambie ni mbaya. Akaniletea makoti manne hapo hapo, akaniambia na kidole gumba changu kinaacha mafuta kwenye kola. Nikafurahi kama nimesifiwa.

Jicho la kushoto wamesema baada ya miezi michache. Vidonge sasa ni kimoja tu, nameza kwa maji, na mama yako mdogo bado ananikagua chini ya ulimi.

Barua zako nimezitoa zote nikazisoma mwenyewe. Kuna matusi ambayo kumbe aliyaruka. Tutayazungumza.

Kile kikombe sikukiondoa mezani. Mchana nakijaza maji ya moto, basi, hayana jani wala mzizi. Nakishika mpaka kinapoa. Hakina ladha yoyote, na bado naona umeketi hapo mbele yangu.

Lakini simalizi tena kwa adabu, kwa hiyo nakwambia waziwazi: maji hayatoshi, nakutaka wewe. Yule msimamizi akikupa hata siku mbili, njoo, na kwenye mkoba usitie kitu. Wanasema mkono mtupu haulambwi. Wako nitaulamba.

Mama yako mzazi